Breki inapopoteza nguvu kwenye kona za Matamba

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu hapa Uyole, Mbeya. Tuko wanne, tunataka kuanzia Isyonje, tupite Kikondo na Kitulo mpaka Matamba, halafu tushuke Chimala kwa baiskeli. Mimi nina ya gia yenye breki za diski za waya. Mke wangu ana ya mtumba, breki za raba zinazobana rimu. Mwanangu wa miaka 13 ana ya gia ndogo, na shemeji yangu kang'ang'ania kuja na Phoenix yake. Mwezi uliopita nikirudi mjini kutoka upande wa Chunya, kwenye ule mteremko, breki ya mbele ilianza kunuka. Nikibana, mkono wa breki ni mgumu kama kawaida lakini baiskeli haisimami. Fundi wa mtaani kaniambia nikaze waya. Ni waya kweli? Na tujaze upepo kiasi gani? Nasikia kule juu tairi hupasuka kwa sababu ya hewa nyepesi. Ndaga fijo (asante sana).

Jibu: Salama, mwalimu. Umeeleza vizuri, na hilo neno "mgumu kama kawaida" ndilo lililonipa jibu. Si waya.

Waya ukilegea, au pedi zikiisha, mkono wa breki unaingia ndani mpaka karibu uguse usukani. Kwenye breki za mafuta, mafuta yakichemka unasikia mkono unabonyea kama sponji. Wewe mkono umekaza, maana yake pedi zimefika kwenye diski na zinaibana, ila hazina mshiko. Zimeungua. Pedi nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa unga ulioshikwa na gundi. Joto likizidi, ile gundi inapanda juu, inaganda na kung'aa. Zitoe uzitazame juani: ukiona uso unametameta kama sufuria iliyosuguliwa, ndiyo hayo. Ukikaza waya utabana zaidi kitu kilekile kinachoteleza.

Joto lenyewe linatoka wapi? Wewe na baiskeli mkiwa kilo 80, kila mita 1,000 mnazoshuka zinatoa nguvu ya kutosha kuchemsha lita mbili na zaidi za maji ya bomba. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, iliyobaki inaingia kwenye kidiski chembamba kama sarafu. Na anayeshuka polepole huku amebana breki muda wote ndiye anayeunguza zaidi, kwa sababu upepo haumsaidii kitu, kazi yote anaifanya pedi.

Nami yalinikuta. Miaka kadhaa nyuma nilishuka ile barabara ya Matamba kwenda Chimala, ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake, nikiwa na pedi nilizozifunga asubuhi ileile. Sikuzizoesha. Juu kabisa zilishika vizuri, nikajiona bingwa. Zilipopita kona ishirini na kitu nikasikia harufu ya kama kitambaa kinachoungua, na mbele yangu Fuso limebeba viazi linapanda, limekata kona upande wangu. Nilibana mpaka vidole vikauma. Ilibidi niingize baiskeli kwenye ukingo wa ndani, kwenye udongo. Soli ya kiatu cha kulia ilibaki nusu. Dereva alinipigia honi tu akaendelea, na sikumlaumu.

Basi fanya hivi. Pedi zilizong'aa kidogo zisugue kwa msasa laini mpaka zirudi rangi ya vumbi, kisha diski uifute kwa spiriti na kitambaa safi. Kama zimelowa oili, tupa, hakuna dawa. (Na tafadhali, asikutokee fundi wa kupaka oili kwenye diski "isipige kelele". Nimeziona nyingi.) Kwa safari hii nunua pedi za chuma kilichoshindiliwa. Zina kelele kidogo, lakini zinavumilia joto kuliko hizo za gundi. Hakikisha tu kwamba diski yako haijaandikwa kuwa ni ya pedi za gundi peke yake. Ukishazifunga, tafuta mteremko mdogo pale Uyole, kimbiza kidogo, bana mpaka ukaribie kusimama, achia. Rudia mara ishirini hivi bila kufunga gurudumu. Hapo pedi na diski zitakuwa zimezoeana.

Ukiwa barabarani, breki inabanwa kabla ya kona, wakati baiskeli iko wima: bana kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo kweli, halafu achia na uingie kona huru. Kati ya kona moja na nyingine iache ipumue. Usiogope breki ya mbele. Unaposhuka uzito wote unakwenda mbele, kwa hiyo ndiyo inayokusimamisha. Ya nyuma ukiitegemea peke yake itakuburuza kwenye changarawe. Rudisha makalio nyuma ya siti, pedali zikae sambamba. Kila baada ya kona kumi simameni, mtazame bonde la Usangu lilivyotandazwa chini, na msiguse diski kwa mkono. Msiimwagie maji pia, inaweza kupinda.

Mkeo ana tatizo la aina nyingine. Breki za raba zinapasha rimu yenyewe, na rimu ndiyo imekumbatia tairi na tyubu. Joto likizidi, kiraka cha gundi kinaweza kuachia, au tyubu ikapasuka, na ikiwa ni ya mbele kwenye kona, hadithi ni fupi. Tyubu yenye viraka asishuke nayo Hamsini na Saba. Ya mtoto, angalia ule mkono wa breki: vidole vyake ni vifupi. Pale kwenye mzizi wa mkono kuna skrubu ndogo, ukiikaza mkono unasogea karibu na usukani. Akiweza kubana kwa vidole viwili bila kuhama kiganja, sawa.

Phoenix ya shemeji naiheshimu, imebeba magunia ya nchi hii. Lakini zile breki za fimbo zinabana rimu ya chuma kilichopakwa kromu, na rimu hiyo ikilowa umande tu, ni kama huna breki. Hata kupanda hafiki mbali. Ikiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unamsogeza zaidi ya mita tano. Wewe ukiwa na 32 mbele na 42 nyuma, unasogea mita moja na robo tatu hivi. Kwenye mlima wa kutoka Isyonje kwenda Kikondo ataisukuma akitembea kwa miguu.

Sasa njia yenyewe. Watu huipima safari kwa ugumu wa kupanda, mimi naipima kwa kushuka, na namwangalia mwenye breki mbovu kuliko wote. Juu Kitulo ni uwanda wa nyasi, zaidi ya mita 2,600, vilima vya taratibu, na wote wanne mnaweza kufurahia, shemeji naye. Kinachochosha kule ni hewa: imepungua kwa kama robo ukilinganisha na pwani, hivyo mtoto akisema kachoka, kachoka. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo mfike ofisini mlipie na muulize mnaruhusiwa kupita wapi, na msitoke barabarani kuingia kwenye maua. Yale maua ya okidi, yenye viazi ardhini vinavyopikwa chakula kiitwacho chikanda, yalichimbwa na kuvushwa Zambia mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwekwa hifadhi. Msimu wa maua ni wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na udongo unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi ningekwenda Juni: tope limekauka, ila asubuhi kuna baridi ya kugandisha umande, glavu ni lazima.

Hamsini na Saba mshuke wewe na mkeo, mkisharekebisha hayo. Mtoto na shemeji wapande gari na baiskeli zao mpaka Chimala. Kama mnataka njia ambayo hakuna atakayepanda gari, nendeni Mufindi, barabara za ndani ya mashamba ya chai. Zinapanda na kushuka kidogo kidogo, ila ombeni ruhusa ya wenye shamba.

Upepo: tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, kwa mtu wa kilo 75, weka paundi 28 mbele na 31 nyuma. Mkeo na mtoto wapunguze kidogo kulingana na uzito. Ikizidi, unarushwa na kila kokoto. Ikipungua mno, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyo jirani. Habari ya kupasuka kwa hewa nyepesi haina msingi. Kutoka Mbeya mjini kwenye mita 1,700 mpaka Kitulo, upepo wa tairi unaongezeka kwa paundi moja na nusu hivi, na baridi ya huko inarudisha sehemu ya hiyo.

Kabla hujanunua pedi, pima diski. Mpya ina unene wa milimita 1.8 hivi, ikifika 1.5 ibadilishe, maana pedi mpya kwenye diski iliyokwisha itaungua vilevile. Huna kipimo, niletee gurudumu la mbele peke yake, baiskeli iache nyumbani.