Usikope benki kulipa Bodi ya Mikopo

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue mkopo wa benki umalize kwa mpigo deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyokusomesha chuo, au uache wakate kwenye mshahara. Acha wakate.

Zamani haraka yako ingekuwa na maana, kwa sababu kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Vyote viliondolewa 2021. Sasa deni haliumuki kila mwaka kama andazi, wakati benki riba itakukamua tangu mwezi wa kwanza. Hesabu yenyewe nyepesi: makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, posho hazihusiki. Ukilipwa laki nane inaondoka laki na ishirini. Inauma, hasa kwa kodi za Sinza hizo (wenye nyumba nao wanataka miezi sita!), lakini unaishi.

Ila kitu kimoja usikifanyie mchezo: tunza salari slipu zote. Wapo waajiri wanaokata halafu hawapeleki, na deni linabaki jina lako. Kila baada ya miezi kadhaa chungulia taarifa ya deni kwenye akaunti yako ya Bodi, ulinganishe.

Ukiacha kazi ukaingia Kariakoo kuuza, deni linakufuata. Aliyejiajiri halipi chini ya laki moja kwa mwezi, na unaomba mwenyewe namba ya malipo. Na kama una akiba, usiiguse kwanza kulipia deni hili.