Kabla hujakata mpapai dume

Mpapai dume wa uani kwangu hapa Morogoro uliponea chupuchupu. Panga lilikuwa mkononi, maana mti unaoning'iniza vimaua mwaka mzima bila tunda una faida gani? Mara chozi, kale kandege kadogo kanakofyonza maua, akatua kwenye kishada, akachomeka mdomo kwenye ua moja, akahamia la pili, la tatu, wala hakujali kwamba nimesimama hatua tatu tu kutoka alipo. Mwili mweusi, kifua chekundu kama kaa la moto, utosi wa kijani unaometameta. Panga nikalirudisha ndani.

Baada ya hapo nikanunua daftari, na kosa langu la kwanza likawa rangi. Kwa miezi kadhaa niliandika kwamba nina aina mbili za chozi: yule mwekundu, na mwingine wa kahawia mwenye madoa tumboni. Siku moja nikamwona wa kahawia anakusanya utando wa buibui chini ya paa, anaenda kushikizia kiota kinachoning'inia kwenye waya. Yule mwekundu yuko juu, anaimba tu. Kumbe mtu na mkewe! Kwa chozi fundi ni jike. Kwa mnana ni dume, yule wa manjano anayechana majani ya mnazi. Jike hupita kukagua, na kiota kikikataliwa mara nyingi mwenyewe hukibomoa akaanza upya.

Kwa hiyo tazama mdomo kwanza. Ukiwa mwembamba na umepinda kama mundu, huyo ni mnywa mbochi, yaani maji matamu ya maua. Mfupi mnene ni wa kuvunjia mbegu, kama wa chiriku. Shore, mwenye kichwa cheusi, hana cha kuringia ila umanjano chini ya mkia, lakini alfajiri hutangulia wengi kuimba.

Kuwavuta si gharama. Acha mpapai dume, acha lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu wa ndizi, panda mshubiri. Papai moja lililoiva sana waachie shore. Maji weka kwenye sahani ya udongo, kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kusimamia. Badilisha kila siku, la sivyo utafuga mbu. Makombo ya wali usimwage hata kidogo. Mimi nilimwaga, wakaja kunguru wa shingo ya kijivu, na kwa wiki nzima sikuona ndege mwingine.

Usitegemee kupata kila chozi, lakini. Yupo mmoja asiyepatikana popote duniani ila milima ya Uluguru, na huyo humfuati kwa sahani ya maji. Unapanda mwenyewe hadi msituni.

Wa kwangu amenizoea mno. Akijiona kwenye kioo cha pembeni cha gari hudhani ni dume mwenzake, akakidonoa hadi achoke. Siku hizi nikiegesha gari, vioo navivisha soksi. Jirani aliniuliza mara moja tu.