Kwa wanaoanza kinanda ukubwani: kiacheni kitufe cha transpozi

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya chumba cha mazoezi hapa Nyakato, Mwanza, nikiwasikiliza wanafunzi wapya wanne wa kinanda, wote watu wazima wenye kazi na familia. Wimbo uliokuwa mbele yao uliandikwa Do ni F, yaani Do yake inakaa kwenye kibonyezo cha F, na kila mmoja wao, kabla hajagusa kibonyezo hata kimoja, alipeleka kidole kwenye kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha sauti zote juu au chini bila vidole kuhama, akahesabu hadi tano (nusu toni tano, yaani hatua tano ndogo kutoka C hadi F), kisha akaupiga wimbo mzima kwenye C. Sikusema neno kwa sababu mwalimu wao alikuwepo, lakini usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo maana nawaandikia ndugu zangu haya.

1. Kateni kucha, andikeni namba za vidole (gumba ni moja, kidole kidogo ni tano) kwa penseli juu ya nota, na fanyeni mkono mmoja mmoja kabla ya kuunganisha. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi peke yake. Vaeni hedifoni, maana kwenye nyumba zetu za mlimani zilizobanana kati ya mawe, jirani wa juu husikia kila kosa la jirani wa chini, na mtu anayeogopa kusikika hafanyi mazoezi.

2. Skeli ya C, yaani ngazi ya nota kutoka Do hadi Do, mnaijua: mkono wa kulia huenda moja, mbili, tatu, gumba linapita chini, kisha moja hadi tano. Tatizo linaanza kwenye F, kwa sababu nota ya nne ni B flati, kibonyezo cheusi, na gumba likilazimishwa kwa mpangilio ule wa C kukaa juu ya kibonyezo cheusi kiwiko kinainuka na kifundo cha mkono kinapinda. Dada mmoja Jumamosi ile alijaribu F mara moja tu, kiwiko chake kikapanda hadi usawa wa bega, akasema mkono wake ni mfupi na akarudi kwenye kitufe. Mkono wake hauna kasoro yoyote. Alipaswa kwenda moja, mbili, tatu, nne, ili kidole cha nne ndicho kichukue B flati, kisha gumba lipite chini na kutua kwenye C, halafu aendelee tena moja, mbili, tatu, nne. Nilitamani nimshike mkono nimwonyeshe, maana ni jambo la nusu saa.

Na msidhani vibonyezo vyeusi ni adui. Chopin, yule Mpoland, alikuwa akiwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B, yenye shapu tano, yaani vibonyezo vyeusi vitano, kwa sababu vidole virefu hukaa juu ya vyeusi na vifupi hubaki kwenye vyeupe, na mkono hutulia wenyewe. C, tunayoiita rahisi, ni rahisi kwa macho tu.

3. Sasa transpozi yenyewe. Mimi nilianza nikiwa na miaka 34, baada ya kuimba besi kwenye kwaya kwa miaka kumi na mmoja. Sikio langu lilikuwa limekomaa na vidole vyangu vilikuwa vichanga, na huo ndio mtego wa kila anayeanza ukubwani: anasikia vizuri kabisa anachokitaka, mikono haifiki, na aibu inamsukuma atafute njia ya mkato. Kwa miaka miwili nilipiga kila wimbo kwenye C huku kitufe kikinihamishia Do. Watu wakanisifu, nami nikaamini kwamba najua kinanda.

Kisha tukaalikwa kwenye misa ya jubilei ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Tulivuka alfajiri kwa kivuko cha Kamanga, kinanda kikiwa kimefungwa kwa vitenge viwili. Wimbo wa shukrani ulikuwa Do ni A flati, kwa hiyo niliweka transpozi kwenye hasi nne, nusu toni nne chini ya C, na ubeti wa kwanza ukaenda vizuri sana. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Sehemu ya betri ilikuwa tupu. Kwaya haikuyumba, waliendelea kuimba wenyewe, sauti zote nne zikiwa mahali pake, na nikasikia jenereta ikiwashwa nyuma ya kanisa. Taa ya kinanda ilipowaka nikaingia kwa nguvu kwenye kiitikio.

Kinanda kile kikizimwa husahau transpozi na kurudi sifuri. Kwaya ilikuwa kwenye A flati na mimi nilikuwa kwenye C, nusu toni nne juu yao. Baadhi ya sauti ya kwanza walinifuata kwa uaminifu, na walipofika kwenye So ya juu, ambayo ilipaswa kuwa E flati, wakajikuta wanaitafuta G, na sauti zikapasuka. Tena walikuwa mama zangu na dada zangu. Wengine walibaki walipokuwa. Kisha wakanyamaza. Sikuelewa kilichotokea, nikaongeza sauti ya kinanda nikidhani hawanisikii, hadi mwalimu wa kwaya aliponigeuzia kiganja chini. Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo ilipouma zaidi, kwa sababu A flati ilikuwa pale pale mbele yangu, vyeusi vinne na vyeupe vitatu, gumba la kulia likitua C na F tu, na mikono yangu haikuwahi kufika huko hata siku moja. Niliiweka magotini. Wakamaliza bila mimi.

Kwenye kivuko wakati wa kurudi, mama mmoja wa sauti ya pili alikuja kukaa karibu nami, akasema, “Mwanangu, tulikuwa tunakusubiri uje tulipo.” Hakusema kwa ubaya. Maneno hayo sijayasahau.

Sisi tuliokulia kwenye nota za do-re-mi, ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19, tunajua tangu siku ya kwanza kwamba Do huhama. Kitufe kinaifunga Do ya vidole vyenu kwenye C, wakati masikio yenu yamezoea kuifuata popote. Mimi nilihama kwa kuanza na G na F, kisha D na B flati, ufunguo mmoja kwa mwezi, na wimbo mmoja wa Jumapili katika kila ufunguo. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Wimbo unapokuwa juu mno kwa waimbaji, tumieni kitufe kwa heshima zake, lakini mkiwa mnaweza kufika huko kwa mikono.

4. Wekeni betri.

5. Kuna siku mtakaa mbele ya piano halisi, yenye vibonyezo 88 badala ya 61 mlivyozoea, ambamo nyundo hupiga waya na ukali wa sauti hutokana na kasi ya kidole chako. Tafuteni kitufe cha transpozi humo, hamtakiona.

Jumanne saa kumi na moja jioni nitakuwa kwenye chumba kile, mwalimu wenu ameniruhusu. Tutaanza na F, kidole cha nne juu ya B flati, polepole. Kitufe nitakuwa nimekiziba kwa plasta.