Haibridi ya mtumba au kigari cha petroli? Foleni ndiyo inaamua

Inategemea unaendesha wapi. Kama siku nzima ni foleni, simama ondoka, simama ondoka, haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, inashinda kwa mbali: ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na gari likisimama injini inazimika yenyewe. Kwenye barabara kuu, mwendo uleule masaa matatu, faida hiyo inapungua sana. Hapo kigari cha petroli chenye injini ndogo hakiachwi mbali, na hakina betri kubwa ya kukuumiza kichwa.

Maana betri ndiyo kila kitu kwenye haibridi iliyotumika. Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina moduli 28, yaani vibetri vidogo, zilizoungwa kwa mfululizo. Moja tu ikichoka, taa ya onyo inawaka. Kwa hiyo usidanganywe na kilomita chache. Fundi achomeke mashine ya kupimia, asome volti za kila fungu la moduli gari likiwa linapanda mlima. Zikipishana sana, achana nalo. Halafu chungulia tundu la hewa ya kupoza betri, pembeni ya kiti cha nyuma. Likiwa limeziba vumbi, betri imekuwa ikiiva taratibu kwa joto. Nimewahi kufungua moja, feni imevaa vumbi na manyoya ya mbwa kama blanketi!

Ila kama huna karibu fundi anayezijua haibridi, nunua petroli.