Fremu ya lebo, au fremu yenye lebo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kompyuta hapa Mtwara na natengeneza, kwa Python, programu ya kupokelea korosho kwenye chama cha msingi cha kijijini kwetu. Katika ripoti, ile fremu ya Tkinter (maktaba ya Python ya kutengenezea madirisha) yenye maandishi kwenye ukingo, ambayo kwa Kiingereza ni LabelFrame, nimeiita "fremu ya lebo". Msimamizi wangu amekata akaandika "kontena la lebo". Mwenzangu naye anashikilia "kisanduku cha kundi". Tumfuate nani? Nimeambatanisha picha ya dirisha lenyewe. (Msomaji, Ligula)

JIBU: Marahaba. Wewe ndiye uliye karibu zaidi, tatizo ni hiyo "ya" tu.

Fremu ya picha hutiwa picha, fremu ya mlango hushika mlango. Basi atakayesoma "fremu ya lebo" ataelewa kuwa kazi ya fremu hiyo ni kuhifadhi lebo. Sasa tazama picha yako. Ndani ya fremu umeweka nafasi ya kujaza kilo, na vitufe viwili vya daraja la kwanza na la pili. Lebo haimo humo ndani. Imekaa juu ya mstari wenyewe, pembe ya kushoto, na mstari umekatika kidogo kuipisha. (Ukitaka kuihamisha, Tkinter inakupa nafasi 12 kuzunguka ukingo.) Lebo hapo ni sifa ya fremu, kama gunia lenye alama au duka lenye kibao, na sifa ya namna hiyo tunaisema kwa -enye: fremu yenye lebo, fremu zenye lebo. Usiandike "yenye kuwa na lebo", maana "yenye" imeshabeba "kuwa na". Wala usiandike "fremu lenye lebo", ingawa "mafremu" nayasikia kila niendapo sokoni.

Kuna sababu nyingine, ya kifundi. Katika Tkinter lebo ni wijeti inayojitegemea, yaani kipande kamili cha dirisha kama kilivyo kitufe. Ukisema fremu ya lebo, mwenzako anaweza kudhani umechukua fremu tupu ukaitia lebo ndani. Wijeti unayoizungumzia ni nyingine. Ililetwa mwaka 2002 na Tk 8.4, toleo la maktaba ambayo Tkinter imejengwa juu yake.

Msimamizi wako hajakosea maana. Fremu hii kweli ni kontena: vilivyomo vinaitambua kuwa mzazi wao, ukiiondoa dirishani navyo vinatoweka. Ila kontena ni jina la ukoo, na fremu tupu nayo imo katika ukoo huohuo. Tena mtu wa Mtwara ukimtajia kontena, mawazo yake yanakwenda bandarini. Utasema hata fremu ina mambo yake, kwamba mwenye nyumba akibandika "fremu inapangishwa" hana habari na kompyuta. Mimi naona hilo linatusaidia. Chumba cha biashara kimepakana na vingine, kina kuta zake, juu ya mlango pana kibao: hicho ndicho kilichoko kwenye skrini yako.

Mwenzako nadhani amejifunzia Qt, maktaba nyingine ya madirisha, au programu za Windows, ambako kitu hikihiki kimepewa jina la kundi. Windows wana haki ya kuliita hivyo, kwa kuwa vitufe vilivyo ndani ya kisanduku kimoja hujua kuachiana zamu: ukichagua hiki, kile kinajifuta. Fremu ya Tkinter haifanyi kazi hiyo. Kinachounganisha vitufe ni kigeu vinachoshirikiana, yaani jina linalotunza thamani iliyochaguliwa. Ukivipa kigeu kimoja vitufe vya fremu mbili, karani atachagua daraja huku, na njia ya malipo aliyokwisha kuichagua kule itafutika. Kwa hiyo "kundi" katika ripoti yako litampotosha msomaji.

Hukuniuliza kuhusu mwongozo wa karani, lakini nakuomba humo usitaje fremu, kontena wala wijeti. Andika: "Kwenye sehemu ya Mzigo, jaza kilo, kisha chagua daraja." Yaani iite sehemu kwa lebo yake. Ndiyo maana lebo inatakiwa iwe fupi, ya kutamkika. Katika lebo za fremu zako tatu, mbili umezipatia: Mkulima, Malipo. Ya katikati umeandika "Taarifa za Uzito na Daraja la Mzigo wa Mkulima". Futa yote, bakiza Mzigo.