Jibu: mbao za msonobari kwa buibui wa manyoya

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kama yale mabaki ya msonobari uliyopewa na seremala yanafaa kuwekwa ndani ya boksi la buibui wako wa manyoya (tarantula). Mimi ningeyaacha. Msonobari una utomvu wa harufu kali, na ndani ya boksi la kioo hewa haizunguki sana. Mkaratusi mbichi ni vilevile. Halafu mabaki ya karakana huwezi kujua yamepakwa nini: dawa ya mchwa, vanishi, wengine hata oili chafu ya gari. Dawa ya mchwa haihesabu kama miguu ni sita au minane.

Hapa Goma natumia tawi la mbuni (mti wa kahawa) lililokauka, kutoka shamba ninalojua halipuliziwi dawa. Nililimenya ganda, nikalichemsha saa nzima kwenye sufuria kuukuu (mama watoto alinuna), kisha nikalianika hadi likawa jepesi mkononi. Msimu wa mvua hiyo ni kazi ya wiki mbili. Ukiharakisha, utakuta ukungu mweupe.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni urefu atakaoupanda. Kama wako ni wa kuishi ardhini, tumbo lake ni zito, na kuanguka sentimita 30 tu kunaweza kulipasua. Tawi lilaze, lisisimame. Ligusishe sakafu ya boksi kabla ya kumwaga udongo, kisha lisukume kwa kidole. Likitikisika, lipange upya, maana atachimba chini yake na litamwangukia.

Mawe ya volkano tunayo tele, lakini yanakwaruza. Siyaweki.