Anza na kuachia: kwa mleta mada wa Tabora anayetaka kununua silikoni kesho

Usilipe hiyo pesa kesho. Nilisoma swali lako vizuri tu, mleta mada, mpaka nilipofika pale unaposema muuzaji amekushauri uchukue silikoni (ule mpira unaomiminwa ukiwa uji kisha ukaganda) laini inayonata kuliko zote, "mengine yatajipa yenyewe". Hapo nililazimika kuweka kikombe chini, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na yakanigharimu shilingi 640,000 pamoja na heshima kidogo niliyokuwa nayo kwa majirani zangu hapa Mwanga, Kigoma.

Kwa wanaoingia sasa: kijana huyu anataka kutengeneza mkono wa roboti laini, yaani wenye vidole vya mpira vinavyobana vikijazwa hewa, wa kuhamisha chupa za kioo za asali kutoka meza ya kujazia hadi kwenye katoni bila kuzikwaruza, na vidole vyake viwe na ngozi inayoiga nyayo za mjusi kafiri. Ameuliza anunue silikoni ya aina gani, pampu ya ukubwa gani, kama betri ya sola itatosha, na namna ya kupata vile vinywele vidogo vya nyayo za mjusi.

Kushika si kazi. Hata ukoko wa ugali hushika sufuria, na hakuna aliyewahi kuuita teknolojia. Kazi ni kuachia, tena kuachia pale unapotaka na kwa sekunde unayotaka, na mimi nililigundua hilo baada ya kumimina vidole sita.

Chupa zangu zilikuwa za mawese. Nilinunua makopo mawili ya silikoni laini, nikachonga kalibu, nikamimina vidole vyote sita kwa siku moja, kila kimoja kikiwa na kiganja, yaani sehemu inayogusa chupa, kinene, laini, kinachong'aa kama kioo. Sikujaribu hata kimoja peke yake, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwaonesha watu. Siku ya maonesho uani kwangu mkono ulishuka, ukaibana chupa, ukainyanyua, watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza. Kisha nikaamuru uachie. Nilitoa hewa kwenye vidole, vikalegea kama ilivyotakiwa, lakini viganja vilibaki vimeng'ang'ania kioo. Nikaunyanyua mkono, chupa ikapanda nao. Nikautikisa, na chupa ikaning'inia kwa kidole kimoja, ikajizungusha nusu duara, kisha ikapasukia kwenye beseni la dagaa wa jirani. Nilipoongeza hewa kwa hasira, nikidhani kidole kikivimba kitajisukuma chenyewe, kikapasuka kwenye mshono. Jambo la kuchekesha, ingawa siku ile halikunichekesha, ni kwamba baada ya mawese kumwagikia viganja mkono ule ulianza kuachia kila kitu, vikiwemo vile nilivyotaka ushike. Mke wangu mpaka leo anauita "mgeni asiyeaga".

Sasa nirudi kwa walionipoteza, maana wako wawili. Wa kwanza ni muuzaji, aliyenieleza kwa kujiamini kabisa kwamba mjusi ana gundi miguuni na kwamba kinachonata zaidi ndicho kinachomkaribia zaidi. Wa pili ni bwana mmoja wa video za mtandaoni, ambaye kidole chake cha silikoni kilinyanyua glasi vizuri sana. Video ile niliiangalia tena baada ya ajali, mara kumi au zaidi, na ndipo nilipoona kwamba kila mara picha inakatwa glasi ikiwa bado hewani. Hakuna mahali hata pamoja inapowekwa chini. Naamini aliibandua kwa mikono yote miwili, akiwa amekanyaga meza.

Mjusi hana gundi. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani walipima nguvu ya kinywele kimoja cha unyayo wa mjusi aina ya tokay, na mwaka 2002 wakaonesha kwamba kinachoshika ni nguvu za van der Waals, ule mvuto hafifu wa vitu vilivyokaribiana mno. Unyayo mmoja una vinywele karibu 500,000, na kila kinywele hugawanyika kuwa mamia ya ncha bapa zenye upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Lakini lililonikera nilipolijua ni hili: vinywele hivyo ni vya keratini, jamii moja na kucha zako, yaani kitu kigumu ambacho kwa kawaida hakinati kabisa. Hunata pale tu mjusi anapoubana mguu kidogo na kuuburuta, na hubanduka pembe ya kinywele na ukuta inapofika takriban nyuzi 30. Washa tochi usiku mjusi akiwa upande wa pili wa kioo cha dirisha, utaona kabla ya kuinua mguu anakunja ncha za vidole kwenda juu, kama mtu anayebandua kiraka cha tyubu ya baiskeli kuanzia pembeni. Kiraka hichohicho ukikivuta chote kwa mkupuo, unachana tyubu. Mimi nilikuwa nachana tyubu.

Kilichonitoa kilikuwa utando mwembamba, kama milimita moja, uliofunikwa juu ya kikombe chenye mrija wa hewa nyuma yake. Utando ukiwa bapa hushika chupa. Ukisukuma hewa huvimba kama kitumbua, kingo zikabanduka kwanza, na sehemu inayogusa kioo ikasinyaa hadi kuwa doa. Si ubunifu wangu: mwaka 2017 kundi la Metin Sitti wa Taasisi ya Max Planck, Stuttgart, lilionesha utando wenye vinywele vya kuiga mjusi unaodhibitiwa kwa shinikizo la hewa, hata kwenye vitu vya mviringo.

Kwa hiyo mimina duara moja tu la utando kama huo, kubwa kama sarafu. Libandike kwenye chupa tupu, kisha livute kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki wa Kibirizi, mara ya kwanza utando ukiwa bapa na mara ya pili ukiwa umevimba. Langu la sasa hubeba kilo mbili likiwa bapa, na likivimba mshale wa mizani hausogei. Tofauti hiyo ukiikosa usimimine kidole, hata kama muuzaji anakupigia simu kila saa.

Silikoni inayogandishwa kwa platini usiiguse ukiwa umevaa glavu za lateksi, wala usiimimine kwenye kalibu ya udongo wa kufinyangia wenye salfa, kwa maana itabaki uji. Viganja vioshe kwa maji na sabuni, kwani tone la asali litakufanyia kama mawese yalivyonifanyia, na vumbi la kiangazi la Tabora nalo halina huruma. Kamata chupa kwenye kioo, si kwenye lebo ya karatasi.

Ukishapima, andika hapa namba zote mbili, ya kushika na ya kuachia, ndipo tuzungumze. Kopo langu la pili la ile silikoni bado liko stoo, halijafunguliwa, na nisingependa uniombe nikuuzie.